VIJANA WAENDAO BILIQO WAKAFANYE KAZI GANI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Vijana wa tawi hili, ambao ni watoto wetu na wadogo zetu, wameleta ombi. Wanataka kwenda Biliqo, katika Kaunti ya Isiolo, kuwasaidia wafugaji kuponya ardhi iliyochakaa. Wameomba tawi liwanunulie miche ya miti na kuwalipia lori. Sisi wa Halmashauri tumelipokea ombi hilo kwa furaha, na shauri letu ni hili: vijana waende, lakini wasiende mpaka wenyeji wawaite, na fedha zetu zisinunue miche, bali zinunue majembe na mbegu za nyasi. Tunaomba mtusikilize tueleze sababu, kisha mpige kura.

Huenda mmoja akauliza, watu wa reli wana nini na Biliqo? Reli haifiki huko. Upande ule inakoma Nanyuki. Lakini, Ndugu, kazi hii twaijua. Kila mtu wa genge anajua kwamba maji yakipewa njia ni rafiki, na yakiachwa kukimbia ni adui. Mvua ya usiku mmoja yaweza kula tuta, asubuhi mataruma yakakutwa yananing'inia hewani. Hatuyafokei maji hayo. Twachimba mfereji, twazibua kalavati, twapunguza mbio zake. Malisho ya Biliqo yanaugua ugonjwa huo huo.

Biliqo iko upande wa Merti, katika nchi ya Waborana wa bonde la Ewaso Ng'iro. Ni nchi kame, na watu wake wanaishi kwa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Wanangojea misimu miwili ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba. Nyasi zikiisha, jua na kwato huufunga udongo juu ukawa kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Hukimbia, nayo huchukua mbegu na samadi pamoja. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ilishindwa mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Ardhi iliyokuwa ikilia kiu ikachukuliwa na maji.

Watu wa mjini hupenda kusema kwamba kosa ni la mfugaji mwenyewe, kwamba ana ng'ombe wengi na akili chache. Maneno hayo si kweli, na kijana anayeyaamini afadhali abaki nyumbani. Waborana wana utaratibu wao wa malisho uitwao dedha. Wazee wa dedha huigawa nchi: hapa pa masika, hapa pa kiangazi, na pale pasiguswe mpaka ukame mkali. Ng'ombe wa maziwa hukaa karibu na boma, wengine hupelekwa mbali. Hata kisima kina msimamizi wake, aba herega, apangaye zamu za kunywesha. Sisi tunaotumia njia moja ya reli tunaelewa neno zamu. Magari mawili hayaingii kipande kimoja kwa wakati mmoja. Ukiondoa ishara, hulaumu madereva wanapogongana.

Na ishara za Biliqo ziliondolewa. Katika vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, watu wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na mifugo mingi mno ikafa au ikauawa. Baada ya vita serikali ilikata nchi kuwa vipande vya malisho kwa mipango ya ofisini, na sauti ya wazee ikapungua. Visima na maduka vikawavuta watu wakae mahali pamoja mwaka mzima. Basi pale nyasi zilipokuwa zikipumzika miezi sita, sasa hazipumziki hata wiki.

Sasa tuje kwenye miche. Kupanda miti ni jambo jema, lakini yafaa tukumbuke habari ya Baringo. Miaka ya 1980 mti uitwao mathenge ulipandwa huko kwa nia nzuri, upate kutoa kuni na kuzuia mchanga. Mti ukakubali kupita kiasi. Ukafunga malisho na njia, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wafugaji wa Ilchamus walikwenda mahakamani Nairobi, wakamleta mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Leo mathenge umeenea katika nchi kavu nyingi za Kenya, hata Isiolo. Walioupanda hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wageni wenye haraka.

Nchi ya malisho huponywa kwanza kwa nyasi. Kazi yenyewe ni hii. Mahali palipo na mteremko mdogo, huchimbwa shimo la umbo la mwezi nusu, upana wake kama mita 5, mdomo ukitazama juu maji yanakotoka. Udongo hurundikwa upande wa chini uwe ukingo. Ndani humwagwa mbegu za nyasi za kienyeji. Mvua ikija, maji yanasimama humo, yanazama, na nyasi zinaota. Wamaasai wa Kajiado wamechimba miezi ya namna hii kwa maelfu, na majani yamerudi. Haihitaji mashine. Yataka mgongo, jembe na watu wengi, na hivyo ndivyo vijana walivyo navyo.

Lakini nyasi zikiota bila zamu, zitaliwa siku ya tatu. Tutazame Shinyanga, nchi ambayo ndugu zetu wa reli ya Tanzania hupita wakienda Mwanza. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa sababu ardhi ilikuwa imebaki uchi. Mwanzoni mkazo ulikuwa vitalu vya miche. Baadaye wenyeji walirudia desturi yao ya Kisukuma, ngitili, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua ili yaliwe wakati wa kiangazi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Desturi ya wenyewe, ikilindwa na sheria za vijiji vyao, ilifanya kazi ambayo miche peke yake haikuweza.

Biliqo yenyewe imetoa somo jingine. Mwaka 2021 wakazi wa huko walifungua kesi kupinga hifadhi za wanyama zilizowekwa katika ardhi yao. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii ukubaliwe na theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Sisi wa chama tunaifahamu haki hiyo. Hatukubali bwana mkubwa apange saa zetu za kazi bila kutuuliza. Tutawezaje kupanga malisho ya wengine bila kuwauliza?

Kwa hiyo Halmashauri inapendekeza mambo manne.

Kwanza, wajumbe wawili waende kwa wazee wa dedha, na kwa wanawake na vijana wa Biliqo, waulize kama msaada huu unatakiwa, na mahali gani.

Pili, vijana wetu wafanye kazi chini ya vijana wa huko, si juu yao. Mchunga ngamia anajua maji yanapita wapi kuliko sisi.

Tatu, ikipatikana fedha yoyote ya ujira kutoka popote, alipwe kwanza kijana wa Biliqo. Kuchimba ni kazi, na kazi ina haki yake.

Nne, hesabu zote zisomwe mbele ya mkutano wao na mbele ya mkutano huu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: Mgeni njoo, mwenyeji ahame. Vijana wetu wana nguvu na nia njema. Tukiwapa na adabu ya kuuliza, watakuwa wageni wa namna ile ya kwanza.

Bwana Mwenyekiti, tunaomba kura.