Jani na Mgongo Wake

Msikilizaji, mkulima wa muhogo akikagua shamba hugeuza majani, kwa sababu nzi weupe hujificha mgongoni, si usoni. Uso wa jani ni kijani kilichokolea. Mgongo umepauka, na huko ndiko viliko vitundu vingi vya kupumulia. Shuleni tulichora hayo yote tukapewa alama, lakini hakuna aliyetuuliza jani limejuaje upi uwe uso na upi uwe mgongo. Naona tulinyimwa sehemu tamu kabisa ya somo lile.

Wengi tungejibu kwamba ni jua. Sivyo. Jambo hilo huamuliwa ndani ya chipukizi lililofumba, jani likiwa bado kinundu kidogo kuliko chembe ya chumvi, kimeota ubavuni mwa ncha ya shina. Upande unaoitazama ncha huwa uso. Unaoipa kisogo huwa mgongo.

Mwaka 1951 mtaalamu wa mimea Ian Sussex alieleza alichokifanya kwenye kiazi mviringo. Alipitisha mkato mwembamba kati ya ncha na mahali jani linapochomoza. Hakung'oa kitu, alitenganisha tu. Jani likaota, lakini likaota duara kama sindano: mgongo pande zote, bapa hakuna. Ncha hulipa jani habari gani hasa, wataalamu wanabishana hadi leo.

Mwaka 1995 Richard Waites na Andrew Hudson, wakichunguza ua la bustanini ambalo majani yake mengine yalitoka kama sindano kwa hitilafu ya jeni, walipendekeza kwamba bapa huchomoza pale uso unapopakana na mgongo. Tangu hapo zimejulikana jeni za uso na jeni za mgongo, kila kundi likilizuia jingine lisivuke mpaka. Kumbe jani ni bapa kwa sababu lina pande mbili!

Ukiingia jikoni leo, shika jani bichi la kitunguu. Ni mrija, na ngozi yote ya nje unayoipapasa ni mgongo mtupu. Sasa shuka nalo hadi kwenye kitunguu chenyewe, umenye gamba moja nene. Hapo pande zote mbili zipo: nje mgongo, ndani uso. Na ule utando laini wa ndani, tuliokuwa tukiubandua kuuweka chini ya hadubini, ndio uso wenyewe.