Dalili za Moyo Zisifichwe
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Woolwich



Mimi si tabibu. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu kama yalivyosemwa. Siku moja ya mwaka 2011 sikufanya hivyo. Dada yangu mkubwa, shangazi yenu, ambaye ameniruhusu kuyasema haya, aliamka akitokwa na jasho la baridi. Akaniambia: "Kifua kimeelemewa, mkono mzito, roho yanichafuka." Mbele ya daktari mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikaona haya kukuza jambo. Nikasema amechoka na tumbo limemchafuka. Tukarudi na dawa ya kiungulia. Siku ya tatu ikabainika kuwa ni mshtuko wa moyo. Alinusurika, lakini sehemu ya msuli wa moyo wake imekufa. Leo akitoka soko la Beresford Square kwenda nyumbani, hupumzika mara nne.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walitangaza matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za wagonjwa wa moyo karibu 600,000 wa England na Wales. Waliona kwamba uwezekano wa mwanamke kuambiwa kwanza ugonjwa usio wake ulizidi ule wa mwanamume kwa asilimia 50. Kubanwa kifua ndiyo dalili kuu kwa wote wawili. Ila wanawake huwa na mengine zaidi: kichefuchefu, kukosa pumzi, maumivu ya mgongo au taya, na uchovu usio wa kawaida. Nasi hudhani maradhi haya ni ya wanaume.

Naomba mambo matatu. Mama asiseme "nimechoka tu." Mkalimani asipunguze neno, bali aulize waziwazi: "Je, yawezekana ni moyo?" Tena msisubiri kupambazuke: hapa pigeni 999, Toronto 911, Maskati 9999, walioko Tanga wakimbilie hospitali. Msuli wa moyo uliokosa damu ukishakufa, haurudi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Shangazi yenu hakuficha. Niliyeficha ni mimi.