Kukunja Korongo wa Karatasi: Tuanze na Mkunjo wa Msingi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Kila mmoja wenu amepewa karatasi ya mraba. Tunaomba msiandike juu yake. Leo tutajifunza pamoja origami, sanaa ya Wajapani ya kukunja karatasi bila mkasi wala gundi. Jina hili linatokana na maneno mawili ya Kijapani: "oru", yaani kukunja, na "kami", yaani karatasi.

Tuanze. Kunja kona kwa kona, ufungue. Rudia kwa kona nyingine mbili, ufungue. Sasa geuza karatasi. Kunja ukingo kwa ukingo, ufungue. Rudia kwa upande wa pili, ufungue. Mwisho, shika kona tatu uzilete zikutane na ya nne. Karatasi itajikusanya na kuwa mraba mdogo. Huo ndio mkunjo wa msingi, na korongo hutokana nao.

Sisi wenyewe tulipojifunza tuliharibu karatasi nyingi, kwa sababu ya haraka. Mkunjo wa kwanza ulipopotoka kidogo tulisema hautaonekana. Lakini kila mkunjo uliofuata uliongeza kosa, na korongo wetu akatoka na shingo ya upande. Ilitubidi kuanza upya. Ndipo tulipojua kulinganisha kona kwanza, kisha kupitisha ukucha juu ya mkunjo.

Kwa nini korongo? Sadako Sasaki alikuwa na umri wa miaka miwili bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Miaka kumi baadaye aliugua saratani ya damu. Wajapani husimulia kwamba anayekunja korongo elfu moja hutimiziwa ombi lake. Sadako akawa anakunja akiwa hospitalini, akitumia hata karatasi zilizofungia dawa. Alifariki Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Wanafunzi wenzake wakahimiza michango, na mwaka 1958 mnara wa kumbukumbu ya watoto ulizinduliwa mjini humo. Hadi leo watu wa nchi nyingi hupeleka korongo wa karatasi hapo.

Ndugu zetu, tunawaomba kila mmoja akifika nyumbani amfundishe mtoto mmoja, na amweleze habari za Sadako. Na ambaye korongo wake amepinda asione haya. Karatasi nyingine zipo hapa mezani.