Watoto Wetu ni Sauti ya Tano
(Neno la Kwaya katika Yubile ya Miaka 25)

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wageni wetu kutoka Kitale, Matunda na Soy, na washirika wote wa hapa Moi's Bridge: tunawasalimu katika jina la Yesu.

Kwaya yetu ina sauti nne, lakini leo tunataka kuzungumza juu ya sauti ya tano, yaani watoto wetu wadogo. Wengi wetu tuliovaa kanzu hizi mpya tuna watoto ambao bado hawajafika gredi ya kwanza. Kuna aliyempa jirani mtoto ili apate kuimba. Kuna ambaye kanzu yake tayari ina doa la uji begani.

Mara nyingi tunajiambia kwamba watoto wakishakua, ndipo tutapata nafasi ya kuomba vizuri na kumfurahia Mungu. Lakini Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza kuwafundisha watoto tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Hayo ni mambo ya kila siku.

Tukiamka, ni haraka ya asubuhi. Mmoja analia, mwingine anatafuta kiatu. Kisha yule mdogo anafumba macho kuombea chakula, na anamshukuru Mungu kwa kikombe, paka, sufuria na nyanya. Uji unapoa, lakini tunaitikia Amina kwa moyo wote.

Tukitembea njiani mwezi wa Aprili, ni matope. Mtoto wa PP1 anasimama kutazama mahindi yaliyochipuka, anauliza ni nani aliyeyasukuma kutoka chini. Sisi tuliokuwa tukiwaza bei ya mbolea tunakumbuka kwamba kazi yetu ilikuwa kupanda na kufunika tu.

Tukiketi wakati wa kupukuchua, watoto wanapanga magunzi kwa mistari kama waumini kanisani, na mmoja anashika kijiti kuongoza kwaya. Hapo tunajua kwamba walikuwa wakisikiliza, hata Jumapili ile tuliyodhani wamelala.

Tukilala, si kila usiku una raha. Kuna usiku wa homa, mtoto ana joto kifuani petu na kunakawia kucha. Usiku huo wimbo wa mazoezi ya Jumamosi tunauimba polepole, bila ngoma wala kayamba, nao unakuwa sala yetu yote.

Sisi tulio walimu tunajua kwamba mtoto mdogo hajifunzi wimbo kwa kusoma maneno. Anausikia mara nyingi, anaucheza, anachanganya maneno, hadi siku moja anauimba wote. Imani nayo humwingia hivyo hivyo. Wala wakati haungoji. Katika 1 Samweli 2:19, Hana alimshonea Samweli joho dogo kila mwaka na kumpelekea, kwa maana joho la mwaka jana halimtoshi mtoto. Na sisi tuwafurahie watoto wetu kwa kimo walicho nacho mwaka huu.

Wapendwa, katika miaka hii 25 kuna akina mama waliojifungua wakaacha kuja mazoezini. Sauti wanazo. Waliogopa tu kwamba mtoto atasumbua. Kwenu tunasema: rudini, nafasi zenu zipo. Kila Jumamosi jamvi litatandikwa karibu na ngoma, na akina baba wa besi wamekubali kupokezana kushika watoto. Baadhi ya wanaoimba sauti ya kwanza leo walilala kwenye jamvi la namna hiyo, huku mama zao wakifanya mazoezi.

Nanyi washirika, tunawaomba jambo moja. Mtoto akilia katikati ya wimbo, msimgeukie mama yake kwa macho makali. Aliye karibu anyooshe mikono ampokee mtoto, ili mama amalize ubeti. Huo pia ni utumishi, na hauhitaji kujua nota.

Mungu azibariki nyumba zenu, awape wazazi nguvu na watoto afya, na aijalie kwaya hii waimbaji wa miaka 25 ijayo.

Amina.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote