Dira Inayojisoma Yenyewe

Yule msoma mita wa kubisha hodi na daftari mkononi anaanza kuadimika. Dira mpya za maji hupima mtiririko, kisha hutuma namba kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta za mamlaka ya maji. Zinatumia betri ya kudumu miaka mingi, ndiyo maana hutuma taarifa kwa vipindi. Muda mwingine zimelala.

Utamu wa dira hizi uko usiku. Saa nane nyumba nzima imelala, lakini dira inaonyesha maji yanapita. Hapo huenda kuna bomba linavuja. Lita 10 tu kwa saa ni lita 240 kwa siku. Kwa mwezi, zaidi ya uniti 7, maana uniti moja ni lita 1,000. Mwenye dira ya kizamani naye ajipime: funga mabomba yote, andika namba, itazame tena alfajiri kabla mtu hajanawa uso.

Kwa gesi, Kenya ina M-Gas. Mita hukaa juu ya mtungi, unalipa kwa M-Pesa kiasi ulichonacho, na salio likiisha gesi inajifunga, hata kama maharage hayajaiva.

Ila namba za mita hizi, za maji au gesi, hueleza pia lini upo nyumbani na lini umesafiri. Muulize mtoa huduma: nani anaziona? Zinatunzwa muda gani? Na ukipinga bili, utaonyeshwa matumizi ya kila siku, au jumla tu?