Fundi Asiyejua Haki Zake ni Punda Mwenye Cheti

Ndugu zangu vijana, nawauliza swali moja: anayekufundisha haki zako ni nani? Kama ni yule yule aliyekuajiri, jua utafundishwa wajibu tu.

Historia ipo. TFL ilizaliwa mwaka 1955, ikapigania mishahara na Uhuru. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, ikafutwa, na baadhi ya viongozi wake wakawekwa kizuizini. Ikaundwa NUTA kwa sheria. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye huyo huyo alikuwa Waziri wa Kazi! Mlalahoi akamlilie nani?

Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Aya ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau. Wafanyakazi wakausoma, wakadhani ni kweli. Migomo ikazuka viwandani Dar es Salaam. Mwaka 1973 Waziri Mkuu akatoa waraka wa kuagiza elimu ya watu wazima makazini. Wapo waliojua kusoma na kuandika kwa madarasa hayo, hilo hatulibezi. Lakini baadhi ya walioutumia Mwongozo kudai haki walifukuzwa kazi. Soma, ila usiulize!

Vijana, VETA iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994 itakufundisha kuchomelea, kushona na umeme. Nendeni, ujuzi ni mali. Lakini fundi asiyejua haki zake ni punda mwenye cheti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Ukiachishwa kwa uonevu, peleka shauri CMA ndani ya siku 30. Ukichelewa, utaanza kwa kuomba radhi badala ya kudai haki.

Je, hayo umefundishwa na nani? Ada ya chama inakatwa kwenye mshahara wako kila mwezi. Basi simama kwenye mkutano wa tawi uulize: kiasi gani kimekwenda kwenye elimu? Fulana na kofia ya Mei Mosi si elimu!

Dai darasa. Ukinyimwa, kaeni watano chini ya mwembe, msome sheria wenyewe. Mwenye kujua haonewi kirahisi.