Tunauanza Mwaka Tukimtegemea Bwana
Hotuba ya wanakwaya katika ibada ya yubile ya miaka 50, Jumapili ya kwanza ya mwaka

 

Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha mwaka. Usiku wa kesha tulipiga magoti humu kanisani, na tulipoinuka tulikuwa ndani ya mwaka mwingine. Wapo tulioanza nao mwaka uliopita ambao hawakuuona mwisho wake. Sisi tumeuona, wala si kwa ujanja wetu.

Mwaka huu mambo mawili yamekutana: mwaka mpya na yubile. Wengi wakisikia yubile hufikiria keki, sare mpya na ng'ombe wa kuchinjwa. Hayo yapo, na tunawashukuru akina mama walioamka alfajiri kwa ajili yetu. Lakini katika maandalizi tulisoma pamoja Mambo ya Walawi sura ya 25, tukaona kwamba yubile ya Biblia inadai zaidi ya karamu. Tungependa kuwashirikisha mambo matatu tuliyoyaona humo.

Jambo la kwanza, yubile huanza kwa sauti. Neno lenyewe limetoka kwa Kiebrania, yobel, yaani pembe ya kondoo dume. Waisraeli waliagizwa wahesabu miaka saba mara saba, ambayo ni 49, kisha siku ya kumi ya mwezi wa saba baragumu lipigwe nchi nzima. Siku hiyo ilikuwa Siku ya Upatanisho, siku ya watu kujinyenyekeza kwa ajili ya dhambi zao. Kwa hiyo baragumu halikuwa la kuwapongeza kwa kufikisha miaka mingi. Liliwakuta wakiwa wametoka kuhurumiwa.

Nasi ndivyo tunavyosimama leo. Walioanzisha kwaya hii hawakuwa na kinanda wala vipaza sauti. Mwalimu aliandika sol-fa ubaoni kwa chaki, na aliyejua kusoma akamfundisha asiyejua. Wengi wao wamelala. Sauti zao hatunazo hata kwenye kanda, lakini Mungu aliyewasikia wao ndiye anayetusikia sisi.

Jambo la pili, yubile ulikuwa mwaka wa kutopanda. Mungu aliwakataza watu wake kupanda na kuvuna kama miaka mingine. Wale kile ambacho shamba lingetoa lenyewe. Na ukifuata hesabu ya sura hiyo, mwaka wa 49 nao ulikuwa wa ardhi kupumzika. Mkulima yeyote aliye humu atauliza: sasa tutakula nini? Swali hilo limo ndani ya sura yenyewe, katika maagizo ya mwaka wa saba, na Mungu hamkemei anayeuliza. Anamjibu kwamba ataiamuru baraka yake katika mwaka wa sita, hata mavuno yatoshe kwa miaka mitatu. Watu walipewa ahadi kwanza, ghala likajaa baadaye.

Wapendwa, hofu ya kukosa tunaijua. Mwezi huu wenyewe tumeubandika jina la Njaanuari, maana Krismasi imemaliza mfuko, na karo, sare za shule na kodi ya nyumba zote zinabisha hodi kwa pamoja. Wakulima wetu wanatayarisha mashamba wakingoja mvua ya Machi, ambayo hakuna anayeweza kuiagiza. Hatujasahau kwamba kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu, na mifugo mingi ikafa. Kisha 2024 mvua ikaja na mafuriko yakabeba nyumba za watu.

Hatujasahau pia 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi 100, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Karibu besi yetu yote ilibaki nyumbani! Tukafanya mazoezi kwa simu, kila mtu akiwa jikoni kwake. Leo besi hiyo iko hapa mbele yenu. Mungu ni mwema!

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini kule jangwani, katika Kutoka sura ya 16, akiba ilioza. Mana iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Kila mtu alipimiwa pishi moja ya siku hiyo, na kesho yake akatoka tena. Hata hivyo hakuna aliyeletewa mana kitandani. Waliamka mapema, wakainama na kuokota kabla jua halijawa kali, maana likiwa kali mana iliyeyuka. Kumtegemea Mungu si kukaa kitako. Sisi wanakwaya tunalielewa hili vizuri, kwa sababu wimbo tulioimba vizuri Jumapili iliyopita hauwezi kutuimbia Jumapili hii. Mazoezi yako pale pale.

Wala hatuwaambii vijana waache kupanga au kuweka akiba. Yusufu aliweka nafaka miaka saba kule Misri, na ilikuwa kwa hekima ya Mungu. Mtume Yakobo, katika sura ya nne ya waraka wake, anawaonya wafanyabiashara waliopanga mwaka mzima na faida yake kana kwamba kesho ni mali yao. Kwa hiyo mwaka huu tukisema "Bwana akipenda", yasiwe maneno ya kumalizia sentensi tu. Tuyaseme tukijua kwamba anaweza kupenda tofauti na tulivyopanga.

Jambo la tatu, yubile ulikuwa mwaka wa kuachilia. Aliyeuza shamba kwa umaskini alirudishiwa. Aliyejiuza awe mtumishi wa mwenzake alikwenda huru pamoja na watoto wake, akarudi kwa jamaa yake. Na sababu ya Mungu ilikuwa kwamba nchi ni yake, nao ni wageni tu waliokaribishwa. Mtu anayetegemea kile alichokishika hawezi kuachilia namna hiyo.

Hapa ndipo yubile inatugusa mfukoni. Katika daftari la mweka hazina kuna majina ya wanakwaya wenye madeni ya sare, ya safari na ya michango ya kila mwezi. Wengine walipoteza kazi, wengine walikuwa wakiuguza. Hakuna aliyewafukuza, ila aibu ya deni. Walianza kukaa viti vya nyuma, kisha wakahamia ibada ya asubuhi mapema, kisha hatukuwaona tena. Miongoni mwao zimo sauti zilizotubeba miaka mingi.

Katika mkutano wetu wa Desemba tulikubaliana kwamba madeni hayo yote yamefutwa. Daftari linaanza ukurasa mpya leo. Hatutasoma jina la mtu, leo wala siku nyingine. Ndugu, dada, kama uko humu, mazoezi ni Jumatano saa kumi na moja jioni, na nafasi yako kwenye mstari ingalipo.

Uamuzi huu una gharama, na hatutaificha. Fedha hizo tulikuwa tumezihesabia kinanda kipya. Hiki tulicho nacho noti tatu hazilii, na mpigaji wetu amejifunza kuzikwepa kama dereva wa matatu anavyokwepa mashimo. Baadhi yetu waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza: sasa tutapigia nini? Ghala bado halijajaa. Tunayo ahadi, tunayo mikono ya kufanya kazi, na tunatoka kwa wazee walioimba bila kinanda. Tutaandaa tamasha, tutaimba kwenye harusi tukialikwa, na Bwana akipenda kinanda kitapatikana. Kisipopatikana mwaka huu, tutamsifu kwa hiki hiki.

Nanyi washirika tunawaomba kitu kimoja. Atakayerudi, msimwulize alikuwa wapi. Mpeni kitabu cha nyimbo, na msogee kidogo apate kukaa.

Hatujui ni nani kati yetu atakayeimba kwenye kesha lijalo. Tunayemwimbia anajua, na hilo linatutosha kuanza mwaka. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote, na Mungu awabariki. Bwana asifiwe!